Kibaba cha Kuinulia Mchi

Garsen, mwezi 8 Mfungo Saba, 1306

Kwa nduyangu Athman bin Dhadho, uliyeko Witu katika duka la Wadachi. Salamu zangu zipokee kwa mikono miwili, na ukiona karatasi ina matope ujue ni mto uliotia mkono, si mimi. Huku tu wazima. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Shangazi Binti bado anakohoa, lakini anagomba, na maadamu anagomba sina hofu naye. Kaburi la marehemu mume wangu nimelizungushia miti upya, kwa sababu ng'ombe wa Guyo walikuwa wakilikanyaga wakienda majini. Nilimwendea Guyo mwenyewe kambini kwake. Akaniambia, "Arafa, ng'ombe hajui nani amelala wapi." Nikamwambia, "Na mwenye ng'ombe?" Akacheka, akanipa maziwa. Waorma wana adabu ya kukutia kitu mkononi ili usiweze kunyoosha kidole.

Ama baada ya hayo, habari yenyewe. Mtumbwi mkubwa wa kuvukia, ule uliochongwa baba akiwa hai, umekufa. Kiboko aliupiga mgongo ukapasuka kama ganda la kunde. Waliokuwamo walitoka wazima wote, ila Mumina, jirani yangu, alipoteza chungu, na kwa jinsi anavyokilia ungedhani alikizaa. Sasa mji mzima unavuka kwa kitumbwi cha mzee Hiribae cha kuvulia samaki. Kinachukua watu wawili, na mmoja wao awe mwembamba.

Nawe wajua mashamba yetu yote yako ng'ambo. Mpunga umeshapandwa. Utakapoiva, ni lazima uletwe upande huu kabla ya masika, la sivyo mto utaula wote, na sisi tutakula hadithi. Komora, mchongaji wa huko juu, anataka pishi mia na ishirini za mchele na doti moja ya nguo kwa mtumbwi wa watu kumi na watano. Si ghali. Nimeshanunua vitu vibovu zaidi kwa bei mbaya zaidi.

Mkutano ukaitwa. Mzee Hiribae akauliza nani ana nini. Mmoja akasema tutaona. Wa pili akasema Mungu atafungua. Wa tatu akaanza kisa cha kiboko wa zamani. Nami nilikuwa nimeketi palepale. Ghala yangu ina pishi mia nne na zaidi, na hakuna asiyejua, maana siku nilipoiezeka walikuja wote kutazama. Sikuachiwa na mtu, wewe shahidi. Nilianza na kapu moja la mchele na deni la sanda. Basi hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo akaniambia, "Arafa, wewe wasemaje?" Walinipita macho kama nguzo ya nyumba.

Nami sitajitembeza. Mwenye shida ndiye apige hodi. Nilipiga hesabu tu, na nakuandikia wewe kwa kuwa huogopi hesabu: lau ningeununua mimi, na kila avukaye akatoa konzi moja ya mchele, gharama yangu ingerudi kabla ya mwaka.

Wewe uliyekaa na watu wa mbali, niambie wao hukusanyaje kitu cha wote. Na mchango wako usiusahau.

Mimi dada yako, Arafa binti Dhadho

*

Witu, 2 Mfungo Nane, 1306

Dada yangu Arafa, salamu nyingi. Barua imefika ikiwa na matope uliyoyasema. Sisi hapa wazima kabisa, mvua imepungua na kuku ni rahisi. Shangazi Binti mwambie asiache kugomba. Pole kwa mtumbwi. Pole kwa Mumina na chungu chake.

Umeniuliza watu wa mbali hukusanyaje. Nitakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Wadachi wana uwanja mrefu nyuma ya duka. Husimamisha vigogo tisa vya mti, kisha hurudi nyuma hatua nyingi, na kila mmoja huviringisha tufe la mti liviangushe. Watu wazima, dada, wenye ndevu! Akivikosa hupiga kelele kama amefiwa. Na kila anayetaka kuviringisha hutia pesa katika mkebe. Mwezi uliopita mkebe ulikuwa wa mjane wa mwenzao aliyekufa kwa homa. Mkebe ulijaa, na hakuna aliyeombwa. Hilo ndilo lililonistaajabisha. Ukimwendea mtu yuleyule nyumbani ukamwambia toa, atakuonyesha mguu unaouma.

Sasa nyinyi mna michi. Chukueni michi tisa kutoka nyumba tisa, isimamisheni katika uwanja wa kupuria mpunga, na kila anayetaka kuviringisha atoe kibaba cha mchele. Vibaba vinne pishi moja, huhitaji mimi nikufundishe.

Doti ya Komora ni juu yangu. Nitaileta mwenyewe kabla ya Rajabu, inshallah. Sisi tunakukumbuka sana.

Nduguyo, Athman

*

Garsen, 27 Mfungo Nane, 1306

Kwa nduyangu Athman, salamu, na nyingine juu yake. Mapacha wa mbuzi wanaruka. Shangazi Binti amepata nafuu, ameanza kuwagombeza majirani wa nyumba ya tatu. Mvua haipo. Doti haijafika, lakini Rajabu bado.

Athman, Mungu akusamehe kwa fikira yako ile. Mimi sijui kama nitakusamehe.

Niliwaambia habari ya Wadachi, wakacheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaenda kuleta michi. Tukachimba vishimo vya kina cha kidole ili isimame. Tufe la mti hatukuwa nalo, na Komora alitaka kulipwa kulichonga, basi nikatoa donge langu la mpira, katika yale ninayonunua kwa wagema wa msituni na kuyapeleka Kipini. Kubwa kama kichwa cha mtoto. Hakuna aliyenishukuru. Na mpira si mti: ukiugonga chini unadunda. Mara ya kwanza mzee Hiribae alipolitupa, liliruka juu ya michi yote tisa likaingia jikoni kwa Mumina. Mumina akatoka na mwiko.

Mara ya pili likaangusha mchi wa Mumina mwenyewe. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hiribae alikuwa ameshatoa kibaba chake kama ulivyoandika. Lakini Mumina, alipouona mchi wake chini, akakimbia ndani akarudi na kibaba cha mchele.

Nikamwambia, "Mumina, wewe hulipi. Anayetupa ndiye anayelipa."

"Ulioanguka ni mchi wa nani?"

"Wako."

"Basi?"

Nikakumbuka. Wewe umeondoka siku nyingi, labda umesahau: kwetu mchi ukianguka uwanjani, mwenyewe haulizi nani kauangusha. Anauinua kwa kutoa kibaba cha mchele, kwa kuwa mchi uliolala ni chakula kilicholala. Mama alifanya hivyo, na bibi kabla yake. Hakuna mwanamke wa mji huu atakayeuinua mchi wake mikono mitupu mbele ya watu, ati kwa sababu kuna mchezo wa Wadachi. Na mzee Hiribae alipoona hivyo, akachukua kibaba chake akakirudisha katika kikapu chake.

Nikamwambia, "Mzee, rudisha hicho."

"Nirudishe kwa lipi, mwanangu? Mchi wangu umesimama."

Basi kanuni ikawa hiyo. Kutupa ni bure. Anayelipa ni yule ambaye mchi wake umeangushwa. Sasa nikuulize wewe mwenye akili: ukiwapa watu tufe bure, na mbele yao kuna michi tisa, na mmoja ni wa Arafa, watalenga upi?

Wangu wa mkwaju, mzito, umesimama mbele katikati, mahali alipouweka Hiribae kwa mikono yake. Ijumaa ya kwanza michi ilianguka mara sitini. Haki ya kila nyumba ni mara sita na ushei. Wangu ulianguka mara ishirini na sita! Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Hata Guyo alikuja na vijana wake. Waorma hawatwangi, hawana mchi, wakasimamisha fimbo zao pembeni na kusema watalipa kwa samli. Guyo anatupa kwa mkono wa kushoto na hakosi. Nikamuuliza, "Wewe umejifunza wapi?" Akasema, "Kwa kuwarushia fisi mawe." Na fimbo yake nani ataiangusha? Nyembamba kama mguu wa korongo.

Mpaka leo kapu lina pishi thelathini, na kumi na tatu ni zangu. Wanacheka, Athman. Wanakuja mapema kushika nafasi. Watu walionuniana tangu mwaka wa nzige wanaonyeshana jinsi ya kushika donge. Na kila mchi wangu unapolia chini, uwanja mzima unasema "Haaa!" kama mtu aliyekunwa mgongo.

Niambie la kufanya.

Arafa

*

Witu, 20 Mfungo Tisa, 1306

Dada yangu mpenzi. Salamu. Barua yako ilikaa Kipini siku nyingi kwa mtu aliyesema alidhani ni ya Athman mwingine, basi usinihesabie mimi. Sisi wazima. Nimesoma habari ya mwiko wa Mumina mara mbili, na wasikilizaji walicheka sana.

Unaniuliza la kufanya. Sogeza mchi nyuma. Kama hawataki, mwagie maji kishimo chako udongo ushike.

Lakini usikasirike nikikuambia jambo. Nilipokuwa mdogo nilikuja kwako kuomba kibaba cha mahindi. Uliniuliza cha nini. Nikakuambia. Ukaniuliza utarudisha lini. Nikakuambia. Ukaniuliza ukifa nani atalipa. Nilikuwa na miaka tisa, dada. Nilirudi nyumbani nikalala na njaa, usingizi ukaja kwa shida, maana nilikuwa nafikiria nani atalipa nikifa. Sasa pengine hao wenzako nao hawana majibu ya maswali matatu, lakini mkono wa kuviringisha donge wanao.

Doti ipo. Kuna jambo dogo la kumaliza hapa kwanza.

Nduguyo, Athman

*

Garsen, 6 Rajabu, 1306

Kwa Athman bin Dhadho, salamu. Shangazi Binti anakuuliza utakuja lini. Nilimwambia kabla ya Rajabu. Leo ni Rajabu. Amekugombeza wewe sasa, kwa hiyo majirani wa nyumba ya tatu wamepumzika.

Maswali yangu matatu yalikuwa mazuri, na ungeyajibu usingelala na njaa. Kisha na mimi nina swali: katika kila barua unaandika "sisi wazima", "sisi tunakukumbuka". Sisi ni nani? Ulikwenda Witu peke yako na mkoba mmoja. Na hao wasikilizaji waliocheka ni akina nani?

Haya. Nilimwambia mzee Hiribae asogeze mchi wangu nyuma. Akausogeza. Guyo akaupata huko huko nyuma, donge likadunda mara mbili njiani. Nikamwagia maji kishimo. Ukaanguka na udongo wake, nikaonekana kama ninayeng'oa muhogo. Baada ya Ijumaa sita kapu lilikuwa na pishi tisini na saba ukijumlisha samli ya Waorma, ambayo Guyo anasema kila kibuyu ni sawa na pishi nne, nami nasema tatu, na ni tatu. Katika hizo, arobaini na nne zimetoka kwangu. Nyumba inayonifuata ina tisa!

Nikachoka. Ijumaa ya saba nikaufunga mchi wangu ndani, nikakaa uani kwangu nikishona mkeka, na ua wangu una matundu. Michi minane ikasimamishwa. Mzee Hiribae akaviringisha, donge likapita pembeni kabisa. Nikadhani amezeeka. Akafuata Guyo, Guyo asiyekosa, likapita upande wa pili. Mumina akaliviringisha polepole kama anayelaza mtoto, likasimama katikati ya njia. Kumbe hakuna anayetaka kumwangushia mwenzake! Yule ana watoto sita, yule mumewe mgonjwa, yule ni shemeji. Walikuwa wakikosa kwa makusudi, na wanakosa kwa ustadi ule ule waliokuwa wakinipatia mimi. Michi ilianguka mara nne tu, na naamini mara mbili ni upepo. Watu wakaondoka kabla ya alasiri. Hakuna aliyecheka.

Sasa zimebaki pishi ishirini na mbili. Komora ameshamaliza kuchonga, mtumbwi uko ukingoni kwake, na ameleta maneno kwamba watu wa Chara wamekuja kuutazama. Wameugonga kwa vidole, wamemuuliza bei. Atatungoja mpaka Ijumaa ya kwanza ya Shaabani, zaidi ya hapo ni wao. Mpunga umeiva ng'ambo. Watu wanauvusha kwa kitumbwi cha Hiribae, kapu moja kwa safari, na ndege wanakula makapu mawili kila safari moja. Huko juu mawingu yameanza kukaa.

Pishi ishirini na mbili naweza kuzipima sasa hivi, kabla wino haujakauka. Nasubiri mtu mmoja aje aseme, "Arafa, tusaidie." Maneno mawili. Si mengi. Hawaji. Wanapita nje ya ua wakitembea kwa ncha za vidole, kama nyumba ina mgonjwa.

Naandika kwa hasira na mwandiko umeharibika. Leta doti.

Arafa

*

Witu, 29 Rajabu, 1306

Dada Arafa, salamu za haraka, mtu wa kuibeba amesimama mlangoni na mtumbwi wake unamngoja. Sisi wazima.

Ninaleta doti kwa mkono wake, na mchi. Usimamishe uwanjani kwa jina langu, nami nianguke kama wengine. Ukianguka nilipie, nitakurudishia.

Kwa nini hawakuombi, mimi sijui, niko mbali. Lakini wewe uko hatua arobaini kutoka kwa Mumina. Muulize. Na akikujibu, dada, usimkatize.

Kuja kwangu kumeahirika kidogo. Nitaeleza.

Athman

*

Garsen, 12 Shaabani, 1306

Kwa nduyangu Athman, salamu zangu na za Shangazi Binti, ambaye safari hii amekuombea dua badala ya kukugombeza, jambo lililonitia hofu nikampikia uji. Doti imefika. Ni nzito, nzuri, sikutarajia. Mchi nao umefika. Nimeupima begani kwangu. Mchi hukatwa kwa kimo cha mwenyewe, na huu umekatwa kwa mwanamke mfupi. Wewe hujasema, nami sijauliza. Mwambie mkono wake mwepesi, mti umelainika vizuri sehemu ya kushika.

Sasa sikiliza, maana haya sijamwambia mtu.

Ijumaa zilizofuata ile ya saba hakuna aliyesimamisha mchi uwanjani. Alhamisi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mwisho ya Komora, Mumina akapiga hodi. Niliisikia hodi hiyo nikasimama kabla hajaimaliza. Nikasema moyoni, hatimaye. Nilikuwa hata nimeshaweka pishi karibu na mlango wa ghala. Akaingia, akakaa, akauliza habari ya kifua cha shangazi, akasifu mkeka. Kisha akasema, "Arafa, nimetumwa. Tunaomba mchi wako."

"Mnaomba nini?"

"Mchi. Wa kesho tu. Tutaurudisha."

Athman, nina ghala nzima, na wameniletea mjumbe aje kuomba kijiti! Nilipandisha sauti mpaka kuku wakatoka nje. Nikamwambia, "Mumina, zimebaki pishi ishirini na mbili. Hizi hapa. Pishi hii hapa. Niombe mchele nikupe mchele, tumalize!"

Akasema, "Hatuwezi."

"Kwa nini hamwezi? Mimi nina ukoma?"

Nikakumbuka uliyoniandikia, nikanyamaza. Ilikuwa kazi. Mumina akaniambia, "Ukitupa wewe, mtumbwi ni wako."

"Nani kasema ni wangu?"

"Hakuna atakayesema. Lakini mtu akifika kivukoni na wewe upo, atakuamkia kwanza ndipo apande. Mtu akikukosea, atazunguka mpaka malka ya mbali, penye maji mafupi, avuke kwa miguu. Na siku moja utasema konzi moja tu kwa kila mvuko, ya kuutengeneza, na nani atakuambia hapana? Siku ya mkutano ulikuwa umekaa pale unahesabu kwa vidole, Arafa. Tulikuona sote."

Sikujua kwamba vidole vyangu vilikuwa vinaonekana.

Akaendelea, "Mchele ulioanguka uwanjani hauna mwenyewe. Ulimwagika tu. Kila mtu alimwaga, wewe ukamwaga zaidi kwa kuwa mchi wako mnene. Huo tunaweza kuuchukua. Wa ghalani hatuwezi."

"Kwa hiyo mlikuwa mnanilenga mimi kwa makusudi."

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Ulidhani Guyo ana bahati?"

Nilitaka kumfukuza. Wallahi nilitaka. Nilikuwa na majibu manane, na kila moja la haki, kwa hesabu na kwa dini. Lakini nilipoyapanga nikaona yote yanaanzia pale kwenye konzi moja, na ile konzi nilishaiandika kwa mkono wangu katika karatasi niliyokuletea wewe. Usiniambie kwamba unaikumbuka.

Nikamwambia, "Nenda. Mchi nitauleta mwenyewe."

Ijumaa baada ya sala nikaenda nao begani, na wako mkono wa pili. Uwanja ulikuwa umejaa. Walipotuona, mimi na mchi wa mkwaju, wakanipisha wote. Nikachimba kishimo mimi mwenyewe, mbele, katikati. Sikumwagia maji. Nikausimamisha peke yake, nikasema, "Kapu linataka vibaba themanini na vinane. Jua haliwangoji. Viringisheni."

Wakaviringisha. Watoto, wazee, Waorma, Mumina, mpaka Shangazi Binti alishikwa mikono na watu wawili akalisukuma donge kwa mguu, na akaangusha, na akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Kila ukianguka nauinua na kutia kibaba kapuni. Mwanzo nilikuwa nikiuinua kwa hasira, nikiupigilia chini. Baadaye mgongo uliuma mno, hasira haikupata nafasi. Hiribae akaanza kuhesabu kwa sauti na akakosea, nikamsahihisha. Akakosea tena. Nadhani alikuwa akifanya makusudi ili nimsahihishe, kwa sababu kila nikimsahihisha watu wanapiga makofi.

Ulipoanguka mara ya sabini na sita, Mumina akaondoka, akarudi na mchi wake, akausimamisha karibu na wangu. Nikamwambia, "Wewe una chungu cha kununua." Akasema, "Nyamaza, inua mchi." Akaja Hiribae na wa nyumbani kwake. Nami nikasimamisha wako. Guyo, ambaye kwa Ijumaa nzima ile ya saba hakuupata mchi wowote, akaiangusha hiyo mitatu mipya kwa mtupo mmoja, mdundo mmoja, wa kushoto. Uwanja ulipiga kelele, nami nimo. Tukaendelea hivyo, wangu usianguke tena, hadi kapu likatimia. Wa Mumina mara tano, wa Hiribae nne, wako tatu. Nimekulipia. Unadaiwa vibaba vitatu, na huyo mfupi asijue.

Jumla yangu tangu mwanzo ni pishi sitini na tatu katika mia na ishirini. Zaidi ya nusu. Nimekuandikia ili mtu mmoja duniani ajue, kwa kuwa huku nimeambiwa nisiitaje tena.

Mtumbwi uliletwa Jumatatu. Mpana, umekaa sawa majini, Komora hakutudhulumu. Mto umeshapanda mpaka kwenye mizizi ya mikoma na rangi yake ni ya masika kamili. Siku nne mfululizo watu wamevuka na kuvusha, na mpunga ulio upande huu sasa ni mwingi kuliko uliobaki. Waorma wanavusha ndama wao humo humo, pamoja na kinyesi chao, nami nimelisema hilo na nitalisema tena.

Jana nilishuka kivukoni na makapu yangu manne. Nikakuta mstari. Nikapita mbele kama ninavyopita siku zote, sikufikiri, miguu ilinipeleka yenyewe. Mwanamke mmoja wa nyumba za chini, ambaye mumewe ni mgonjwa na ambaye nyumba yake haikuzidi pishi mbili katika mtumbwi wote ule, alikuwa amekaa juu ya kapu lake. Hata hakuinuka. Akaniambia, "Arafa, zamu yako ni nyuma ya Mumina."

Nilisimama pale na pishi zangu sitini na tatu mdomoni.

Kisha nikarudi nyuma ya Mumina, nikatua makapu, nikangoja.

Dada yako, Arafa binti Dhadho